Mlango Niliouandika Kuwa Umefungwa

Tabitha mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Mabatini kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule. Kwa hiyo nina jioni nzima ya kukaa peke yangu na karatasi hii. Habari za sanduku, za basi la kesho alfajiri, za blanketi na baridi ya Sumbawanga, mama yako amezimaliza. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na lilitakiwa nikuambie kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza ulinitazama ukaniuliza, "Baba, unaumwa?" nikasema ni mafua. Mara ya pili nikaishia kukuuliza kama umenunua chaki.

Jumapili ulisimama mbele ya waumini, mchungaji akakupa kipaza sauti, ukasema, "Kiingereza ninachokwenda kufundisha nimekirithi kwa baba yangu." Watu wakapiga makofi. Mzee wa kanisa akanishika bega. Nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa shati, na mama yako akadhani nalia kwa furaha. Ilikuwa aibu, Tabitha. Kwa Kiingereza hicho unachosema umekirithi, mtu alipoteza kazi yake na jina lake, na mimi nilikaa kimya. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Ulikuwa darasa la kwanza. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha minofu ya samaki kule Nyakato. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na pale kiwandani wengi walikuwa wameishia la saba, kwa hiyo waliniita Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki. Nilipenda sana kuitwa hivyo. Nilichomeka kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, ya bluu na nyekundu, na ile nyekundu haikuwa na kazi yoyote.

Palikuwa na mwenzetu mmoja anaitwa Mafuru, mtu wa kwetu Majita kabisa. Kijiji chao na chetu vinatazamana ng'ambo ya ghuba. Mwili mkubwa, sauti ndogo. Kazi yake ilikuwa chumba cha ubaridi, mahali minofu inapohifadhiwa ikisubiri kusafirishwa nje. Humkumbuki, lakini ulipougua malaria ukiwa na miaka mitatu, mimi nikiwa zamu, ni yeye aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati.

Jumamosi moja mchana, zamu ikiwa inaisha, Mafuru alikuwa anafunga mlango wa chumba kile. Ni mlango mzito wa kusukuma, unafunga kwa nguvu za mikono yote miwili, halafu unashusha komeo. Kabla hajaufikisha mwisho, akasikia kelele. Kijana wa kwenye meza za kukatia, Kulwa, alikuwa ameteleza kwenye sakafu yenye maji, na kisu kimemchana kiganja hadi karibu na kifundo. Mafuru aliacha mlango akakimbia. Alivua shati lake akaufunga mkono wa Kulwa, akambeba hadi kwenye gari, akaenda naye hospitali. Mlango ulibaki wazi kiasi cha kupitisha bega. Jumapili asubuhi mlinzi akaukuta hivyo, na shehena nzima imeharibika.

Jumatatu alitakiwa kuandika maelezo. Meneja mkuu alikuwa mgeni, hakujua Kiswahili hata cha salamu, kwa hiyo maelezo yalitakiwa yawe kwa Kiingereza. Msimamizi alimwambia Mafuru achague mtu wa kumwandikia. Akanifuata stoo.

"Niandikie wewe, Baba Tabitha," akasema. "Wewe ni wa nyumbani."

Akakaa juu ya kreti, akaeleza polepole, akiisubiri kalamu yangu. "Nilikuwa nafunga mlango, nikasikia Kulwa analia. Nikakimbia. Sikurudi, kwa sababu tulikwenda naye hospitali." Basi. Mtu mkweli maelezo yake huwa mafupi.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo kosa lilipo. Nikaandika: "I closed the door." Nilifunga mlango. Nikaendelea: nikamsikia Kulwa, nikakimbia. Sikuandika "I was closing." Sikusahau, mwanangu. Sikujua. Miaka yote niliamini maneno hayo mawili ni kitu kimoja, kwamba ile "was" na ile "-ing" ni urembo tu, mtu anaweza kuuvaa au kuuvua na maana ikabaki palepale. Niliona ile fupi ndiyo ya kiofisi zaidi. Na ajabu ni kwamba kwa Kiswahili, hata kwa Kijita, nisingekosea. Hakuna mtu aliyekulia ufukweni asiyejua tofauti ya "alizama" na "alikuwa anazama."

Nilipomaliza, Mafuru aliichukua karatasi akaitazama juu mpaka chini kama anayeisoma. Akaniuliza, "Umeandika kama nilivyosema?"

Nikamjibu, "Neno kwa neno."

Akaweka sahihi.

Siku mbili baadaye tuliitwa ofisini kwa meneja, mimi kama mkalimani. Meneja hakuwa na hasira. Huwa nakumbuka hilo zaidi ya yote. Alisema kwamba mtu akiacha mlango ili kumwokoa mwenzake, yeye hawezi kumfukuza. Atampa onyo, yaishe. Lakini, akasema, huyu bwana ameandika kwamba aliufunga. Akageuza karatasi, akaweka kidole kwenye neno langu. Aliufunga, na mlinzi akaukuta wazi. Kwa hiyo ama mlinzi anadanganya ama yeye.

Nikamtafsiria Mafuru, "Anauliza, uliufunga mlango?"

"Nilikuwa naufunga," akasema. "Si ndivyo tulivyoandika?"

Meneja akanitazama, anasubiri. Nikasema kwa Kiingereza, "He says he closed it." Ulimi ulikuwa umezoea. Yule mgeni akashusha pumzi, akachukua penseli, akaanza kunieleza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mtoto: "closed," kazi imekwisha, komeo limeshuka, "was closing," bado ilikuwa inaendelea, haijafika. Akauliza, ni ipi kati ya hizo anayosema?

Hapo nikaelewa. Nilielewa vizuri sana, Tabitha, kama vile mtu amefungua dirisha. Mafuru alikuwa pembeni yangu, ananitazama kwa imani yote. Ilikuwa niseme sentensi moja: kosa ni langu, niliandika vibaya. Lakini wiki ile ile walikuwa wameniambia kwamba nafasi ya msaidizi wa afisa utumishi iko wazi, na kwamba wananitaka mimi kwa sababu ya Kiingereza changu. Nikaona wakigundua kwamba Mwalimu hajui kitu ambacho mgeni anakieleza kwa penseli, nafasi ndiyo imekwenda, na watu wa stoo watanicheka mpaka nistaafu.

Nikasema, "Ile ya kwanza, bwana. Aliufunga."

Mara ya kwanza nilikosea kwa kutojua. Mara hii nilijua.

Barua ya kufukuzwa kazi ilisema sababu ni kutoa maelezo ya uongo. Mafuru aliniomba nimsomee. Nikamsomea sehemu ya juu na sehemu ya chini. Ile ya katikati nikairuka. Aliondoka na gumboti zake mkononi, akasema, "Asante kwa kunisaidia, ndugu yangu." Miezi miwili baadaye nilipata kile kiti cha msaidizi wa afisa utumishi. Sare zako za shule, vitabu vyako, mabweni ya kidato cha tano, vyote vilitoka kwenye kiti hicho. Sikuambii ili ujione una hatia. Nakuambia kwa sababu hukujua, na mtu ana haki ya kujua alilishwa nini.

Sasa nije kwetu wawili.

Ulikuwa kidato cha pili. Ulikuja sebuleni na daftari, umevaa gauni la kijani lililokuwa limekupwaya. Ilikuwa zoezi la kujaza nafasi: mama alipofika nyumbani, mimi nini ugali. Ulikuwa umeandika "cooked," mwalimu wako akaweka alama nyekundu ya kosa. Ukasema, "Baba, amenikosesha. Na wewe uliniambia 'cooked' na 'was cooking' ni kitu kimoja."

Ni kweli, nilikuambia hivyo, ulipokuwa darasa la sita, kabla hujaanza kuuliza mambo magumu. Niliendelea kulisema kwa sababu kulikana kungekuwa kukiri. Nilipoona neno lile kwenye daftari lako, nilimwona Mafuru juu ya kreti. Nikakupiga kofi. Nikasema, "Unataka kunifundisha mimi?" Nikachana ukurasa.

Hukulia. Uliokota vipande, ukaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni, ukaanza kuandika upya zoezi lote. Mama yako aliniuliza kulikoni, nikamwambia umenijibu vibaya. Akaja akakugombeza na yeye. Ukaomba msamaha kwangu, Tabitha. Wewe. Na mimi nikasema, "Nimekusamehe."

Tangu siku ile hukuniuliza tena swali la Kiingereza. Nilijidanganya kwamba umekua. Najua sasa ulichofanya: ulikwenda kujifunza mwenyewe, usiku na mchana, hadi ukakichukua chuoni kama somo lako, ukidhani kwamba siku ile ulikuwa mjinga na kwamba ukijitahidi utamfurahisha baba. Hukuwa mjinga. Ulikuwa umekosea kwa sababu yangu, na ukapigwa kwa sababu yangu, na chozi lako ukalimeza kwa heshima yangu. Naomba unisamehe. Ningependa uniambie ukiwa tayari, na usipokuwa tayari usiniambie.

Nimechukua miaka mingi kufika kwenye sentensi hiyo. Kilichonisukuma ni wewe tena. Mwezi wa tatu, barua ya ajira ilipokuja, ulianza kuwafundisha watoto wa jirani hapa uani ili uzoee kusimama mbele za watu. Nilikuwa nimelala chumbani, dirisha wazi. Nikakusikia unaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa choo, halafu ukawauliza, "Mtu amekuja anakimbia kutoka ziwani, anasema, 'He drowned.' Tufanye nini?" Mtoto mmoja akasema, "Tukamwambie mama yake." Ukasema, "Vizuri. Sasa mwingine anakuja anasema, 'He was drowning when I left.' Tufanye nini?" Wakapiga kelele wote, "Tukimbie! Tukatupe kamba!"

Walicheka, na wewe ukacheka. Mimi nilijifunika shuka uso mchana ule wa jua. Watoto wa miaka tisa walielewa kwa dakika tano kitu ambacho mimi nilikitumia kumzika mtu aliyekuwa bado anaelea.

Wiki iliyofuata nikaenda kumtafuta Mafuru. Niliuliza watu wa zamani wa kiwandani, wakaniambia yuko Kayenze, anaanika dagaa na mke wake. Nilinunua sukari kilo mbili na kitenge, kama mtu anayekwenda kuposa. Nikamkuta ufukweni, nywele zimekuwa nyeupe, mwili umepungua. Akasimama akanikumbatia. "Baba Tabitha! Mtoto mzima?" Aliuliza habari zako kabla ya zangu.

Nikamwambia palepale tumesimama, kwa sababu nilijua nikikaa chini nitakunywa chai na kuondoka. Nilimweleza neno nililoandika, nililotakiwa kuandika, na siku ile ofisini nilivyoelewa nikadanganya. Alisikiliza akiangalia mikono yake. Nilipomaliza, kunguru walikuwa wakigombania dagaa nyuma yake.

Halafu akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Kwa hiyo sikuchanganyikiwa."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Nimejiuliza miaka yote hii. Karatasi ina sahihi yangu, na inasema nilidanganya. Nikafikiri labda kweli nilisema niliufunga. Labda siku ile kwa kuchanganyikiwa nilisema hivyo."

Tabitha, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hili sikuwa nimejiandaa nalo. Nilidhani nimemnyang'anya kazi. Kumbe nilikuwa nimemnyang'anya hata kumbukumbu yake mwenyewe.

Akasema, "Mimi umeniambia. Sasa mwambie na Mama Pendo." Mke wake alikuwa hatua ishirini kutoka pale, anageuza dagaa kwenye chekeche la waya la kuanikia. Zamani ile barua ya kufukuzwa alitafsiriwa na jirani mmoja, akajua kwamba mumewe amefukuzwa kwa uongo. Hakumwacha. Lakini tangu hapo, Mafuru aliniambia, kila anapotoka kwenda mahali, mke humuuliza mara mbili alikuwa wapi.

Nilikwenda. Nilieleza tena. Mama Pendo hakuacha kugeuza dagaa mpaka nilipofika kwenye neno lenyewe. Hapo akasimama.

"Hilo neno la kweli," akaniuliza, "ni refu sana?"

"Hapana, mama."

"Lingekuchukua muda gani kuliandika?"

Akarudi kwenye kazi yake.

Mafuru akamwita binti yao, Pendo, yuko kidato cha tatu, akamwambia alete daftari na kalamu. Akanipa. "Iandike sasa. Ile yenyewe." Nikaandika nimepiga goti mchangani: "I was closing the door when I heard Kulwa cry." Nikaongeza jina langu, na kwamba maelezo ya kwanza niliyakosea mimi, na kwamba baadaye nilijua nikadanganya. Nikaweka sahihi. Mafuru akampa Pendo karatasi, akasema, "Msomee mama yako. Kwa Kiswahili."

Yule mtoto akasoma kwa macho kwanza, midomo inacheza. Kisha akasema kwa sauti, "Nilikuwa nafunga mlango niliposikia Kulwa analia." Akamtazama baba yake. "Baba, si ndivyo unavyosema siku zote?"

Mama Pendo alijifunika mdomo kwa kanga. Mafuru akaondoka kwenda upande wa mitumbwi, akasimama kule ametupa mgongo. Hakuna aliyeniambia nikae wala niondoke.

Niliandika pia kiwandani. Meneja yule alishaondoka nchini zamani, waliopo hawamjui Mafuru, na mimi mwenyewe nilishastaafu. Hawajajibu, na sidhani watajibu. Kwa hiyo usifikiri nimerekebisha kitu. Mama yako nimemweleza juzi. Aliosha vyombo vyote, hata visafi, halafu akasema, "Mwambie mtoto kabla hajaondoka. Na mimi nilimgombeza siku ile kwa ajili yako." Naye ana lake la kukuambia, atakuambia mwenyewe.

Siko kwenye nafasi ya kukushauri namna ya kufundisha. Unajua kuliko mimi. Ila siku moja huko Sumbawanga mtoto atakuuliza kitu hukijui, darasa zima likikutazama. Utasikia joto likipanda shingoni. Hilo joto nalijua. Kwangu lilidumu kama dakika moja, ile ya ofisini, na kwa ajili ya kuikwepa dakika hiyo nimeishi miaka hii yote nikiogopa kukutana na mtu sokoni. Mwambie mtoto, "Sijui, nitatafuta." Watacheka kidogo, watanyamaza.

Na ukipenda, acha kusema kwamba umekirithi kwangu. Sema umejifunza mwenyewe, ukiwa umekaa kwenye ngazi ya jikoni. Ndio ukweli, na sitaumia ukiusema mbele yangu.

Siku ile ya kwanza, nilipokuwa naondoka Kayenze, Mafuru alinirudishia sukari na kitenge. Akasema, "Ukija tena, njoo mikono mitupu." Nimekwenda mara nne tangu hapo. Nafika, navua viatu, nawasaidia kuanika. Mafuru tunazungumza kidogo kidogo, habari za Majita, habari za ziwa. Mama Pendo nikimsalimia haitikii. Ananisogezea chekeche kwa mguu ili nijue pa kuanzia, basi. Jumamosi, wewe ukiwa umeshafika na unapanga vitu vyako, mimi nitapanda gari la Kayenze asubuhi, na nitamsalimia tena.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Baba